Matusi ya Mtani kwenye Tovuti ya Fundi Bomba

Siku ile tulikuwepo watano, na nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alikana kwamba alicheka. Nilikuwepo mimi, fundi bomba, nimevaa ovaroli ya marehemu baba iliyokunjwa mara tatu miguuni. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyesomea kompyuta miezi sita na tangu hapo akawa anatutazama kama watu wa zama za mawe. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye kesi yote ilikuwa yake. Alikuwepo mjomba, kaka wa mama, aliyeshuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi na hukumu. Na alikuwepo mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye tulikuwa tumekaa uani kwake. Huyu ni mtani wa ukoo wetu, mwenye haki ya kututukana nasi tukamtukana, bila mtu kukasirika.

Hukumu ilikuwa fupi. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba haji kushauri, anakuja kuamua. Alisema shule zikifungwa mwezi wa sita na mimi bado sina kazi ya kueleweka, atamchukua kitinda mimba akaishi naye mlimani. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba mtoto hali spana. Mimi niliacha shule darasa la sita, baba alipotangulia na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka, nikawaahidi wadogo zangu kwamba tutalala chini ya bati moja mpaka wao wenyewe wachoke. Hakuna aliyekuwa amechoka.

Kazi ndiyo ilikuwa imepotea. Miaka ile viwanda vya mji viliuzwa kimoja baada ya kingine, na mtu aliyepunguzwa kazi Ijumaa, Jumatatu alikuwa fundi bomba. Mabomba ya plastiki kutoka nje yalijaa madukani, mepesi, yanaungwa kwa gundi, na kila mwenye kopo la gundi akawa mshindani wangu. Tena wao walikuwa wanaume. Mtu akiita fundi, akaona dada ametokea na spana, aliangalia nyuma yangu kumtafuta fundi.

Ndipo mdogo wangu akanitengenezea tovuti ya bure, nusu saa nusu saa, kwenye kafe ya intaneti karibu na posta. Ilikaa miezi minne na haikuleta hata koki moja inayodondoka. Ilituletea barua ya mtoto wa rais fulani aliyetaka tumfichie mamilioni yake, na mdogo wangu aliitafakari siku mbili kabla ya kukubali kwamba ni utapeli.

Asubuhi ya siku ile nilimlazimisha anisomee tovuti yenyewe, neno kwa neno. Ilikuwa kwa Kiingereza. Juu kabisa palikuwa na maporomoko ya maji ambayo hayakuwa ya Uluguru wala ya nchi hii. Chini ya maporomoko, maandishi mekundu yalipita yakikimbia kama yanadaiwa. Tulikuwa, eti, kampuni inayoongoza Afrika Mashariki. Tulijenga mabwawa ya kuogelea. Bwawa pekee nililowahi kuliona lilikuwa la hoteli moja, nalo nililiona kwa kuchungulia juu ya ukuta. Mji wetu haukutajwa, kwa sababu mdogo wangu aliona Morogoro itatushusha hadhi. Namba ya simu ilikuwa mwisho kabisa, baada ya picha ya ua waridi.

Nilimuuliza ni nani, bafu likiwa limejaa maji, atakayekuwa na subira ya kufika kwenye waridi. Akajibu kwamba tatizo si hilo, tatizo ni ushuhuda. Alikuwa amesoma mahali kwamba wateja hawaamini fundi, wanaamini wateja wenzao. Kwa hiyo tukaenda kwa yule mama wa nyumba ya wageni, kwa kuwa bafu lake ndilo kazi yangu niliyojivunia kuliko zote. Mjomba akatufuata, kwa sababu uani kwa mtani chakula hakikosekani. Mdogo wangu akafungua daftari akisubiri aambiwe "huduma bora na za uhakika".

Mama akaweka chini ungo wa mchele.

"Andika," alisema. "Huyu binti ni mwizi. Alikuja kwangu saa kumi na mbili asubuhi, wageni wamelala, akagonga kama polisi. Bomba lililowashinda mafundi watatu akalimaliza kabla ya saa sita, halafu akala ugali wa watu wawili. Nikadhani nimepona. Kesho yake huyo, sijamwita, eti amekuja kusikiliza kama linadondoka. Jumapili huyo tena. Mtu wa namna hiyo ana adabu? Amevunja sakafu akaijenga upya ikawa nzuri kuliko ya chumbani kwangu. Sasa wageni wanataka kulala bafuni. Umeandika bafuni?"

"Nimeandika, mama."

"Ongeza kwamba Waluguru hawa wakishuka na ndizi zao, funga mlango."

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. Nilipoomba yale ya wizi na ugali yapunguzwe, mama alinitazama kama nimemtemea mate. Alisema maneno ya mtani hayapunguzwi, na nikitoa hata moja anachukua mkungu wa ndizi pamoja na mjomba mwenyewe. Mjomba akaacha kucheka. Basi yakaingia yote, kwa Kiswahili, maana mdogo wangu alishindwa kupata Kiingereza cha mtu anayegonga kama polisi.

Tunda la kwanza lilikuwa chungu. Ofisi moja mjini iliyokuwa karibu kunipa kazi ya kufunga matangi ilisoma ule ushuhuda, na karani akanipigia kwa sauti ya mahakamani kuniambia kwamba wao hawafanyi kazi na watu wenye kesi za wizi. Nilimweleza utani. Akasema yeye anatoka mkoa mwingine na utani wetu haumo kwenye taratibu za manunuzi. Mdogo wangu alitaka kuufuta siku hiyohiyo. Nilikataa. Lilikuwa jambo pekee la kweli kwenye tovuti ile, na miezi miwili tu ilibaki kabla shule hazijafungwa.

Wiki ya tatu simu ikaita, namba ndefu ya nje. Mtu akauliza kwa Kiswahili cha kwetu kabisa kama mimi ndiye mla ugali wa watu wawili. Nikasema ndiye. Akacheka peke yake huko aliko, akijua kila dakika inamkata hela. Alikuwa anamjengea mama yake nyumba kule Kilakala, na kwa miaka miwili ndugu zake walikuwa wakimtumia picha za nyumba ya jirani.

"Tovuti za mafundi nimezisoma zote," alisema. "Wote wanaongoza Afrika Mashariki. Wewe peke yako ndiye nimeona mtu anakulalamikia kwamba unarudi bila kuitwa. Sasa nakuomba kitu kimoja, dada. Ukichimba, piga picha. Ukilaza bomba, piga picha kabla hujafukia. Weka huko kwenye tovuti nione mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miezi sita ya kompyuta haikumfundisha mdogo wangu. Jirani yangu hakuwa na haja ya kunitafuta kwenye kompyuta, alinisikia nikipiga nyundo. Tovuti ilikuwa ya watu walio mbali na nyumba zao. Tulifuta maporomoko, waridi na mabwawa. Juu tukaandika Morogoro mjini, na namba ya simu kwa tarakimu kubwa. Tukaorodhesha kazi nisizoziweza. Tukaazima kamera, na nikapigwa picha nimesimama mtaroni, tope hadi magotini, uso kama nimegombana na mtu. Chini yake kulikuwa na picha ya bomba kabla ya kufukiwa, na chini ya bomba, mtani na matusi yake yote. Watu wa Dar wenye nyumba Kihonda walianza kupiga. Karibu kila mmoja alianza na ugali.

Shule zilipofungwa mjomba alishuka na tenga la kubebea vitu vya mtoto. Hakutukuta nyumbani. Alitufuata Kilakala, akanikuta ndani ya mtaro, mdogo wangu anapiga picha, na kitinda mimba anaandika urefu wa kila bomba kwenye daftari. Yule mama mzee ambaye nyumba ilikuwa yake alimwona mwanamume amesimama bure, akamkabidhi jembe. Mjomba akachimba hadi adhuhuri. Tulipokaa kula akamuuliza kitinda mimba kama yuko tayari kwa safari.

"Shikamoo mjomba," mtoto alisema, kwa kuwa mzee alikuwa amechimba bila kusalimiwa. "Mimi siendi. Dada atapimiwa na nani?"

Mjomba alikula kwanza. Kisha akasema ukoo hauwezi kupoteza mtu anayejua kupima, na tenga akaliacha kwetu. Alirudi Matombo bila mtoto, na sasa huko juu anasema tovuti lilikuwa wazo lake.

Mtani hela yangu aliikataa. Mdogo wangu amemtengenezea tovuti ya nyumba ya wageni, na mama anadai kitu kimoja tu, kwamba nami nimtukane pale, wazi, kwa kiwango kilekile. Nimekaa kwenye kiti cha kafe mara tatu nikilipia nusu saa. Naanza na ubahili wake, naanza na ungo wake, na kabla ya mstari wa pili inageuka kuwa shukrani. Kumwandikia mtani shukrani ni kumvunjia heshima, kwa hiyo nafuta. Kitinda mimba yuko kidato cha pili sasa, na sehemu ya ushuhuda kwenye tovuti ile bado iko tupu. Kila Jumamosi mama akinikuta sokoni huwatangazia wauza nyanya kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Na ni kweli.