Haji wa Juu ya Dohani

Bi Zulikha wa Setif alikuwa na wapangaji wa aina mbili. Ghorofani waliishi Abdelhak na mkewe Nawel, maarusi wa kiangazi kilichopita. Juu ya dohani aliishi korongo, aliyerudi kila mwaka kabla baridi haijaisha. Bi Zulikha alimwita Haji, kwa safari zake na kanzu yake nyeupe. Kodi hakulipa, lakini ndiye aliyeheshimiwa zaidi.

Mtu wa gesi alipopita akasema kila mwenye kupangisha lazima amwekee mpangaji king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi isiyo na harufu inayoua watu kimyakimya. Bi Zulikha akanunua kimoja cha maana, akakipanga kwenye kabati lake la vioo, kando ya vikombe vya wageni.

“Mama, hicho ni chetu,” Abdelhak alimwambia.

“Mkichakaze? Mkaguzi akija nitamwonyesha.”

“Na sisi tukifa,” Nawel akadakia, “utatupanga humo humo kabatini?”

Hapo bibi alipandwa na hasira. Alikitoa, akamtupia Abdelhak mikononi. “Kaleni nacho, laleni nacho! Wallahi, kwenu sipandi tena mpaka nibebwe!”

Lakini ugomvi ni ugomvi na Ijumaa ni Ijumaa. Kila Ijumaa aliweka sahani ya kuskusi kwenye ngazi ya kwanza, akagonga chuma cha ngazi kwa upawa, akaenda zake bila salamu.

Ijumaa moja upawa haukugongwa. Kilicholia ni king'ora, tena kwa kelele za kutoboa masikio.

“Hita yetu hata hatujaiwasha!” Abdelhak alisema.

“Ya bibi, huko chini! Bomba lake la moshi linapita ukutani kwetu!” Nawel alikuwa ameshafika mlangoni.

Walimkuta Bi Zulikha amelegea kwenye kochi, kuskusi jikoni inaungua. Abdelhak akazima gesi na kumbeba hadi uani. Nawel alilia bila kujificha mpaka bibi alipofumbua macho.

“Nani anapigilia misumari kichwani mwangu?” aliuliza. Nawel akacheka na kulia kwa pamoja.

Walimpeleka hospitali, na daktari akamruhusu kurudi nyumbani kesho yake. Mtu wa gesi alipanda paani, akakuta vijiti vya kiota vimeziba dohani.

“Kiota kitoke, mama.”

“Haji ana mke, na mke ana mayai. Simfukuzi mtu na baridi hii.”

“Basi hita hiyo usiiwashe. Ya ghorofani ina bomba lake, haina neno.”

“Siwashi.”

Baridi ya Setif haina utani. Jioni hiyo Abdelhak alimbeba bibi ngazi nzima hadi kwao, maana kiapo kilikuwa kiapo, naye bibi amekumbatia kikapu chenye vitu vinavyogongana ndani.

“Polepole, we kijana! Utanivunjia vikombe vya wageni.”

“Kwani kuna wageni gani, mama?”

“Mimi.”