Kunyoosha Viungo Nikielekea Jua

Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti mkekani kwenye baraza la nyumba yangu mjini Machakos, paji la uso likigusa mkeka na mikono imenyooka mbele. Nilikuwa nimetoka kukimbia, kupanda na kushuka vilima vya Iveti, na mapaja yalikuwa bado yakitetemeka. Mkao huo ni wa yoga. Nilifundishwa na msichana tuliyeishi naye chumba kimoja chuoni, na ndio ulioniwezesha, miaka yote hiyo, kukimbia Jumamosi na bado kusimama darasani Jumatatu.

Hapo ndipo waliponikuta mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu na jirani yangu, waliokuja kunipitia twende kwenye maombi.

"Mwaitu," mwenyekiti akasema, kwa lile neno letu la kumheshimu mama, "unamsujudia nani?"

"Simsujudii yeyote. Nanyoosha mgongo."

"Ukielekea jua?"

"Upande ule mwingine kuna baridi."

Jirani akaangua kicheko. "Mimi nikijikunja hivyo, mtaita wanaume waje kuniinua!"

Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa amesikia kwamba yoga ni ibada ya miungu mingine, na nilipolitaja jina lenyewe bila kuficha, aliniomba, kwa upole, nisiongoze kwaya mpaka wazee wa kanisa wakae.

Kwaya ile niliipenda kuliko cheo changu shuleni. Kwa hiyo nikaacha kunyoosha viungo, ila kukimbia sikuacha. Baada ya Jumamosi iliyofuata, nilishuka ngazi za shule kiubavuubavu, nimeshika ukuta, wanafunzi wakinipisha kama wanavyompisha bibi harusi.

Siku chache baadaye jirani alikuja peke yake. Alikuwa ameshinda shambani na wenzake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kiuno kilikuwa kimekaza.

"Nifundishe," akasema, "lakini funga mlango."

Nikamwonyesha. Akiwa amelaza uso mkekani, akauliza, "Na maneno yake ni yapi?"

"Hakuna maneno. Pumua tu, polepole."

Akainua uso. "Hata moja? Basi tumekunyima kwaya kwa sababu ya kupumua?"

Tulicheka sana. Alipoondoka, hata hivyo, kilichobaki kunisumbua ni ule mlango tulioufunga.

Mwezi wa Septemba, wazee wakiwa bado hawajakaa, niliwapelekea barua. Baada ya salamu niliandika: "Sikuabudu kitu chochote siku ile, bali nilikuwa nikiutuliza mwili uliochoka. Nimerudia desturi hiyo, barazani, mbele ya yeyote apitaye, nanyi mnakaribishwa kuja kutazama. Mkiona kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuongoza kwaya, nitaupokea uamuzi wenu bila kinyongo na kuimba alto kutoka benchi la nyuma. Lakini kukimbia sitaacha, wala kunyoosha mgongo baada ya kukimbia."