Nilimwambia Mkunga Kwamba Sijambo

Nilishika mimba yangu ya kwanza nikiwa na miaka arobaini na miwili, tukikaa ughaibuni, mtaa wa Rågsved, na niliibeba kama mtu aliyekabidhiwa mayai ya jirani.

Kufikia mwezi wa nane nilikuwa na mbinu zangu. Kiungulia nilikituliza kwa maziwa baridi na kula kidogo kidogo. Nililala ubavu wa kushoto, mto mmoja katikati ya magoti, mwingine mgongoni, na mume wangu ukingoni kabisa mwa kitanda, hakulalamika, maskini. Kabla sijashuka kitandani nilivaa soksi za kubana, kazi ya dakika kumi na matusi mawili matatu. Miguu ilivimba hata hivyo. Mkunga wangu wa kliniki, Mswidi ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia wengi huvimba, ila kwa umri wangu nisikae na dalili yoyote mpya. Nipige simu.

Wiki ya thelathini na sita, Jumanne moja ya Februari, niliamka na kichwa kinagonga. Dawa haikusaidia. Kufikia saa nne vimulimuli vilikuwa vikicheza mbele ya macho yangu. Jirani yangu Mrundi, mdogo kwangu lakini mama wa watoto wanne, alikuwa ameniletea uji. Alinisimamia mpaka nikampigia mkunga.

Mkunga aliuliza ninaendeleaje. Nikajibu kama nilivyolelewa Kakamega: sijambo, nashukuru, na wewe je? Kwetu hata mwenye msiba huanza na "nzuri", kisha ndipo aseme "ila". Ila yangu ilikuwa njiani. Nikataja usingizi, nikataja miguu. Alifurahi kusikia niko salama, akanikumbusha miadi yetu ya Alhamisi, akakata simu.

"Sasa kichwa ulikisema wapi?" jirani akauliza.

"Nilikuwa naelekea huko."

"Dada, hawa watu ukisema uko muzima, wanaandika muzima, wanafunga faili. Piga tena. Anza na kichwa."

"Ataniona sina adabu."

Aliichukua simu, akabonyeza mwenyewe, akaniwekea sikioni. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimebakiza wiki nne tu. Nikasema bila salamu: kichwa kinaniuma tangu nilipoamka, naona vimulimuli. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Sauti ya mkunga ikabadilika. Niite teksi, niende hospitali sasa hivi, nisipande treni.

Presha ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima mara mbili, kana kwamba mashine imemdanganya. Nilikuwa naelekea kwenye kifafa cha mimba. Kabla ya saa tisa walikuwa wameshanipasua, na nikasikia binti akilia, mdogo, mwenye hasira zake.

Siku ya tatu nilimwuliza daktari ingekuwaje kama ningesubiri mpaka Alhamisi. Alivuta kiti, akaketi.

"Pengine tungempoteza mmoja wenu," alisema.

Sikumwuliza yupi. Nilimvuta mtoto kifuani, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza, siku tatu nzima baada ya hatari kupita.