Ndovu Aliyefunua Ghala la Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia huko chini ya Siakago miaka ya tisini, nguvu haikuwa kitu cha kupigwa picha. Siku hizi kijana akiinua debe la simiti mara tatu, anavua shati. Alilivaa la nini basi? Sisi tulijua mwenye nguvu ni mmoja, na hakuwa mtu.

Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo nitaeleza hivi hivi tu. Mwalimu alitufundisha ndovu ana nguvu kwa sababu anakula majani. Nikauliza, na mbuzi je? Nikachapwa.

Mwaka huo mvua ilikataa. Chakula chetu chote kilikuwa ule mtama ndani ya ghala la mama: kikapu kikubwa cha fito juu ya nguzo nne, kimefunikwa na paa la nyasi. Tukasikia ndovu wameonekana mtoni. Mama akataka kuhamishia mtama ndani ya nyumba. Baba mkubwa Njiru, kaka yake baba, mtu wa kujisifu kila siku, akacheka.

"Mama Wanja, unataka kulala na panya? Nitakuwekea nguzo za mukau, mti mgumu hata mchwa hauli. Ndovu asukume mpaka achoke, arudi kwao."

Akachimba siku mbili, akashindilia udongo wa kichuguu, akazipiga zile nguzo teke mbele ya watu.

"Na huko juu, Baba Nyaga?" mama akamuuliza baba mkubwa. "Paa limekaa tu, halijafungwa."

"Huko juu ni kwako. Unataka nichungulie ghala la mke wa mtu?"

Ni kweli, kwetu mwanamume hachungulii ghala la mwanamke, hata afe njaa amesimama kando yake. Basi akashughulikia miguu, kichwa akakiacha.

Ndovu akaja asubuhi tukinywa uji. Mmoja tu. Zile nguzo hata kuziangalia hakuziangalia. Aliinua mkonga, akashika paa, akaliweka chini polepole, kama mama akifunua sufuria. Halafu akala. Na baba mkubwa yuko juu ya mgunga anapiga kelele, "Nguzo zimeshika! Nguzo zimeshika!"

Zilishika, ndiyo. Mtama ndio haukushika. Nusu ilikuwa imeliwa, nusu imemwagika mchangani. Kurudisha lile paa waliitwa wanaume saba. Waliliangusha mara mbili, mmoja akaumia kidole, na wote wakaomba chai.

Mama hakugombana na mtu. Alipiga magoti na ungo, akapepeta mchanga mpaka jua likazama, mimi nikiokota punje. Jioni akamwambia shemeji yake, "Kesho njoo na ungo wa mke wako." Akaja. Kidume kizima, kimepiga magoti, kinaokota mtama punje kwa punje, na hakuna aliyemcheka. Njaa ilikuwa yetu sote.

Kwa mtama huo tulifika hadi mvua iliponyesha. Kila kijiko kililia mchanga kwenye meno, na hakuna mtoto aliyenung'unika.

Leo wanangu wakipata kijiwe kimoja kwenye wali wanasukuma sahani, ati wataumwa tumbo. Tunanunua unga wa pakiti, laini kama poda, hata harufu hauna. Naupika, nakula, nashiba, na ulimi wangu bado unautafuta mchanga wa mama.