Gari Lililopanda Itombwe

Mwezi uliopita nilimaliza kuunda gari langu, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Bukavu haina amani. Ni gari dogo la rimoti, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, la aina ile ya kupanda mawe. Halina mbio hata kidogo. Kazi yake ni kutambaa, gurudumu moja huku, jingine kule, mpaka lifike mahali ambapo hata mbuzi angesita. Nilinunua vipande kimoja kimoja, vingine vilivyokwisha kutumika. Nilibadilisha springi mara tatu, nikang'oa ekseli ya mbele na kufunga nyingine, nikajaza sponji ndani ya matairi. Mume wangu alinikuta natambaa chini ya meza nyuma ya gari hilo, mama mzima wa watoto watatu, akauliza kama akili bado ziko nyumbani. Nikamwambia asogeze miguu, anafunga barabara.

Aliyeniuzia matairi alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusoma, kwamba gari la kupanda mawe lina siri tatu: gia za polepole, tairi laini, na uzito ukae chini mbele. Nilicheka mpaka akadhani namdharau. Rafiki yangu, hizo siri tatu nilizijua nikiwa na miaka kumi, kule Baraka, wakati wa vita, na nilizijua kwa gari la kopo.

Nilikuwa naishi na bibi yangu, niliyemwita Koko, mimi na yeye tu. Mama alikuwa amepanda kwenda Uvira na mizigo ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kama alivyofanya kila mwezi, na vita vikamkuta huko. Watu wakauawa pale Makobola, barabara ikafa, na hakuna aliyejua aliyekuwa upande ule alikimbilia wapi. Wengine walisema wamevuka ziwa, wako kambini Tanzania. Wengine walinyamaza mimi nikikaribia, na hao ndio niliowachukia.

Kwa hiyo bibi alitegemea radio yake. Ilikuwa na sehemu ya kanda iliyokufa zamani, lakini sauti ilitoka vizuri, na kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali, kituo kimoja kilisoma majina ya watu wanaotafuta ndugu zao. Robo saa tu. Fulani yuko kambi fulani, anatafuta mama yake wa kijiji fulani. Bibi aliketi kwenye kigoda chake, kichwa amekiinamisha, na mimi nilikatazwa hata kukohoa. Majina yakiisha alizima papo hapo, kwani betri, sisi tuliziita pile, zilikuwa shida kupita chumvi. Mitumbwi ya injini iliyozileta kupitia Kazimia ilikuwa haiji tena.

Pile zake nne bibi alizitunza kama mayai. Asubuhi alizitoa na kuzianika kwenye mkeka, katikati ya ndagala, ili jua lizirudishie nguvu. Kazi yangu ilikuwa kulinda mkeka huo na kufukuza kunguru. Nilikaa hapo na fimbo, nikinusa samaki, nikisikia majirani wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na nikichoka kwa kukaa. Shule ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo. Mtoto mwenye mikono inayowasha afanye nini?

Nikaanza gari. Siku zile kila mtoto wa Baraka alikuwa na gari la kopo la mafuta ya msaada, la kusukuma kwa fimbo. Mimi nilitaka linaloenda lenyewe. Nilimwomba bibi mota ya ile sehemu ya kanda iliyokufa. Akasema nikiharibu radio atanianika mimi kwenye mkeka. Nilikubali masharti.

Jirani yetu alikuwa fundi wa radio na baiskeli, mzee mmoja mkavu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Alinitolea mota bila kugusa kitu kingine. Nilipoifunga moja kwa moja kwenye gurudumu, ikalia kama mbu na gari halikusogea. Nilitaka kulipiga teke. Fundi akaja akachungulia.

"Mota iko na mbio mingi, nguvu hapana," akasema. "Punguza mbio, utaona."

Akanionyesha kwa kidole: kigurudumu kidogo cha mota kizungushe kikubwa kwa kipande cha mpira, na kwenye ekseli ya hicho kikubwa kuwe na kidogo kingine, nacho kizungushe kikubwa cha pili. Vikubwa nilivipata kwenye vifuniko vya chupa za dawa. Mpira niliukata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, mwembamba kama uzi. Siku nilipounganisha waya, gari likaenda polepole kama mzee anayerudi kanisani, nikaweka tofali mbele yake, na likalisukuma tofali. Nilipiga kelele mpaka bibi akatoka na mwiko mkononi akidhani wameingia wenye silaha.

Tangu hapo nilikuwa mgonjwa wa gari. Magurudumu nilichonga kwenye kandambili zilizokatika, nikayavika mpira wa baiskeli wenye mikunjo ili yashike. Pile zangu, zile zilizobaki na nguvu kidogo tu ambazo fundi alizitupa, nilizipanga kwenye kopo la dagaa na kulishika mkononi, na waya mbili ndefu zikatoka hapo hadi kwenye gari. Kwa kukata kona nilitumia waya wa breki ya baiskeli ndani ya ganda lake. Nikisukuma huku, magurudumu ya mbele yanageuka kule. Nikawa natembea nyuma, hatua tatu kutoka kwenye gari, na gari linanitii. Uniambie kama hiyo si rimoti.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na jiwe kubwa, refu kuliko mtu mzima, lenye mipasuko na ngazi za ajabuajabu upande mmoja. Tuliliita Itombwe, kama milima ile ya juu, maana ndio mlima pekee ambao mtoto angeweza kuupanda bila kukutana na mtu mwenye bunduki. Mtoto wa mwalimu, aliyekuwa na kopo zuri kuliko yote na mdomo mrefu kuliko kopo lake, alitangaza kwamba hakuna gari la msichana litakalopanda Itombwe. Likipanda, alisema, ataniita injinia mbele ya watu wote mpaka tukue. Tukapanga Jumamosi ya kabla ya Pasaka.

Nilijaribu Ijumaa mchana kutwa, wengine wakiwa kwenye ibada. Kwenye ngazi ya pili pua iliinuka na gari likaanguka chali. Mara nane. Ya tisa nililia kwa hasira, na kwa hasira hiyo nikaokota jiwe bapa nikalifunga chini ya pua, karibu kabisa na ardhi, nikisema kama unataka kuanguka, anguka na mzigo. Halikuanguka. Pua ilishika chini, magurudumu yakauma mwamba, likapanda ngazi ya pili, ya tatu, halafu pile zangu zile mfu zikakata roho. Hapo nilijua kwamba gari limekamilika. Kilichokosekana ni pile.

Unajua nilichofanya. Jumamosi nilikuwa zamu ya mkeka kama kawaida. Pile nne za bibi zilikuwa zimepata moto wa jua, safi kabisa. Nilizitia kwenye kopo langu la dagaa, na ndani ya radio nikapanga zile zangu zilizokufa, ili akiinua asione wepesi. Shindano ni saa kumi, nikajiambia. Kufika saa kumi na moja nitakuwa nimezirudisha. Nilijiambia pia kwamba majina yamesomwa Jumamosi ngapi, la mama halijawahi kutoka, kwa nini litoke leo? Hilo la pili ndilo lililoniuma baadaye kuliko wizi wenyewe.

Mtoto wa mwalimu alichelewa. Watoto wengine wakataka magari yao yaanze, yakaanza, yakaanguka moja moja, na kila moja lilichekwa vya kutosha. Zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limeshaelekea milimani, na mimi, nisikufiche, nilikuwa nimesahau kwamba duniani kuna radio.

Niliunganisha waya. Mota ikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nene na imara. Gari likashika ngazi ya kwanza bila haraka. Ya pili likasita, nikasukuma waya wa breki, magurudumu yakageuka, likapata ufa na kuingia ndani yake. Ya tatu. Mimi nilipanda pembeni kwa miguu mitupu, kopo mkononi. Kwenye bega la jiwe gurudumu moja la nyuma lilibaki hewani linazunguka bure, matatu mengine yakavuta, na likatokea juu. Likasimama juu ya Itombwe na mwanga wa jua kwenye bati lake. Watoto wakalipuka kwa shangwe. Mtoto wa mwalimu alisema injinia kwa sauti ndogo, tukamlazimisha arudie kwa sauti kubwa.

Ndipo kelele zikakatika upande mmoja, kisha mwingine. Bibi alikuwa amesimama chini ya jiwe, radio kwapani, ndani yake pile zangu zenye kutu. Watoto wakayeyuka. Nilibaki juu peke yangu, na kabla hajasema neno nilijua kwamba robo saa imepita na majina yamekwisha.

Alitazama gari, si mimi.

"Imefika kule juu yenyewe?"

"Ndiyo, Koko. Sikuisukuma."

Aliweka radio kwenye majani, akajifunga upya kitenge chake.

"Ishushe," akasema. "Fanya tena, nione."

Nililishusha huku nalia, na kwa machozi hayohayo nikaliendesha mara ya pili, na likapanda tena, polepole, mpaka juu. Bibi alifuata kila ngazi kwa macho, mdomo wazi kidogo. Likiwa juu alinyoosha mkono. Nilimpa kopo. Alizitoa pile moja moja, akazifuta kwa ncha ya kitenge, akazirudisha kwenye radio, na tukaenda nyumbani kula bugali na ndagala. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Mama alirudi mvua zilizofuata, akitokea kambini Tanzania, akishukia Kazimia na kutembea mpaka Baraka. Alikuwa mwembamba, na nywele amenyoa. Aliponiona alikaa chini barabarani. Baadaye, akila, alisema walisoma jina lake na majina yetu mara moja tu, Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Alisubiri majibu kwa wiki nyingi. Yalipokosekana, alijua sisi tumekufa, akanyoa nywele za msiba.

"Hamukusikia?" akauliza.

Bibi alikuwa anakoroga sufuria. "Radio ilikuwa imekufa pile," akasema, na hakugeuza uso. Hilo ndilo jibu lake mpaka anazikwa, na mimi nililibeba jibu hilo zaidi ya miaka ishirini. Gari lile la kopo sikuligusa tena. Sijui hata lilipotelea wapi tulipokimbia mara nyingine.

Wiki iliyopita nilishuka Baraka na gari langu jipya kwenye boksi, nikitaka kulipandisha Itombwe. Itombwe haipo. Akina mama wameivunja kokoto kwa nyundo, kidogo kidogo, na sasa jiwe letu limo kwenye misingi ya nyumba nusu ya mtaa. Fundi amekufa, nyumba yake ni duka la simu. Mtoto wa mwalimu, nasikia, anaendesha lori la kweli huko Kalemie. Hakuna anayeanika pile na ndagala. Watoto wakinisikia nalisimulia hilo wanadhani nawatania. Nilisimama pale nyuma ya kanisa kwenye shimo lililobaki, na nikaona nimechoka kulibeba lile jibu.

Nilimwambia mama jioni ileile, tumekaa nje ya nyumba yake palepale Baraka, boksi kati yetu. Nilimwambia yote: mkeka, pile, kopo la dagaa, na kwamba zile nywele alizinyoa kwa sababu yangu. Sikumtazama nilipokuwa nasema. Mama siku hizi anasikia kwa sikio moja, nikaogopa nitalazimika kurudia.

"Koko yako aliniambiaka kitambo," akasema. "Mwaka uleule nilirudi."

Nikamuuliza alimwambia nini.

"Kwamba alikosa jina yangu, juu ya mutoto alichukua pile." Akavuta boksi kwa mguu, akainua kifuniko, akachungulia magurudumu. "Na kwamba gari ilipanda. Mara mbili. Ile ya mara mbili alinirudilia kila siku, mpaka ikanichokesha."

Kisha akaniambia nitoe hiyo ya kwangu, aione.