Ngazi na Miguu ya Udhu

Tarehe tatu mwezi wa Rajabu, mwaka jana, niliondokewa na mume wangu. Alikuwa amekaa anakunywa chai. Zaidi ya hapo siwezi kueleza.

Mwezi uliofuata ni Shaaban, na katika nyumba yetu ya Mji wa Kale huo ndio mwezi wa kupaka ngazi. Ngazi yetu ni ya mbao, vidato kumi na vitatu, kali, imebanwa kati ya kuta mbili. Maji ya mfereji hayapandi juu, kwa hiyo udhu tunatia chini, kisha tunapanda pekupeku na miguu inachuruzika. Maji hayo ndiyo yanayoila mbao. Kila mwaka mume wangu aliisugua ngazi kwa msasa, akachanganya mafuta ya kitani na tapentaini, akapaka kwa vipande vya kikoi kikuukuu. Alipaka kidato kimoja, akaruka kimoja, ili tuweze kupita. Mama yake, mavyaa wangu, amepita miaka themanini na hawezi kuruka kidato. Basi siku hizo alimbeba mgongoni.

"Polepole wewe, mimi si gunia!" mavyaa alimwambia, akimpiga makofi ya bega. Wakifika juu, hataki kuteremka.

Mimi mafuta yale sikuyapenda. Yalinuka siku nyingi na kuniharibia pindo za nguo. Kila mwaka nilimwambia mume wangu apake vanishi, ngazi ing'ae kama za watu. Alinijibu "Inshallah," akarudi na mkebe uleule.

Mwaka jana nilikuwa edani, sitoki wala sionani na mwanamume asiye maharimu wangu. Wifi yangu, dada wa marehemu, anayekaa mtaa wa Buxton, aliniletea fundi kutoka Mwembe Tayari, mtu wa bara, mpole. Yeye alisimama kwenye ngazi, mimi nyuma ya pazia.

"Pole na msiba, mama."

"Nishapoa, baba."

"Sasa, mafuta haya ni kazi ya kila mwaka. Vanishi ukipaka leo, unasahau miaka mitano. Tupake gani?"

Nikasema vanishi. Hakuna aliyenidanganya. Nilitaka nilichokitaka siku zote, na sasa hapakuwa na wa kuniambia inshallah. Nilimwomba aanze na vidato vitatu vya chini, cha pili, cha nne na cha sita, ili tuweze kupita, nivitazame kwanza.

Viling'aa. Fundi alipoondoka nilitoka kuvitazama, nikafurahi, kisha nikaona haya kufurahi na arubaini haijafika.

Siku ile nilimpelekea mavyaa maji juu. Kesho yake vanishi ilikuwa imekauka, akashuka mwenyewe, akatia udhu wa adhuhuri, akapanda. Kidato cha pili kilimtelezesha. Aliwahi kuidaka kamba ya kushikia iliyo ukutani, akabaki amening'inia, goti limechubuka.

"Usimwambie huyo wa Buxton," alisema kabla sijamfikia. "Atanichukua."

Nilijua atamchukua. Tangu matanga wifi alikuwa akisema kwamba mama hafai kubaki kwenye ngazi ile. Na mimi ningebaki na nani? Watoto hatukujaaliwa. Katika nyumba nzima sauti iliyobaki ya kuniita ilikuwa ya mavyaa. Nilikaa na simu mkononi mpaka alasiri. Kisha nikampigia wifi, nikamwambia mama ameteleza, na vanishi nimeichagua mimi.

Alikuja kabla ya magharibi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mama, kwangu hakuna ngazi," alisema. "Choo kiko hatua mbili kutoka kitandani."

"Kama hospitali," mavyaa akajibu. "Na jirani akikoroga chai namsikia."

"Ungevunjika!"

"Sikuvunjika. Kaka yako alijua cha kupaka, na baba yenu kabla yake. Mafuta huingia ndani, mguu ukashika mbao yenyewe. Hiyo vanishi yenu hukaa juu kama kioo. Muulizeni fundi wenu kama kwao hupanda na miguu ya udhu."

"Mbona mwanao hakuniambia?" nikauliza.

"Ulimuuliza?"

Sikuwahi kumuuliza. Miaka yote nilikuwa nikimwambia tu.

Fundi alirudi, akaikwangua vanishi yote. "Mama, tunarudi kwa mafuta?" aliuliza. Nikamwambia tunarudi, na mwakani nitamwita tena. Alicheka, akasema basi mimi ndiye mteja anayemfaa.

Mafuta yalitaka siku tatu kukauka, na mwaka huo hapakuwa na wa kumbeba mavyaa. Wifi alimchukua pamoja na mfuko wa nguo.

"Ikikauka nitaijaribu mwenyewe," alinieleza mlangoni. "Nikiridhika, atarudi. Nisiporidhika, wifi yangu, usinilaumu."

Siku tatu nyumba ilinuka mafuta ya kitani. Mara hii sikufungua madirisha.

Siku ya nne walikuja. Wifi aliuacha mfuko chini karibu na viatu, akalowesha miguu, akapanda taratibu, akikanyaga kila kidato kwa nguvu kama anayetaka kukivunja. Mavyaa alimngoja chini kwenye mfereji.

"Wewe, fanya upesi! Mimi nina udhu wangu hapa!"

Wifi akashuka. Mavyaa akatangulia, wifi nyuma yake amenyoosha mikono. Mimi nilikuwa juu nimeshika nguzo. Kwenye kidato cha pili mavyaa alisimama, akausugua wayo kwenye mbao, mara mbili, akaendelea. Alipofika juu aliushika mkono wangu, anahema, nyayo zake zimeacha alama za maji kidato kwa kidato.

Wifi alizitazama zile alama. Akashuka tena, akachukua mfuko wa nguo za mama yake, akaupandisha juu.

Mavyaa akaniuliza mswala wake nimeuweka wapi.