Kuku wa Mguu Wangu

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana jambo hili la aibu nimelificha muda mrefu: mimi, mtu mzima, mshonaji mwenye wateja wake pale Mtendeni, nililia kwa kwikwi mbele ya watu wasionijua kwa sababu ya kuku, nimelowa mpaka nywele, na firigisi ya kuku huyohuyo iko tumboni mwangu.

Nilianguka na bodaboda njia ya Itetemia, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Hospitali walinifunga hogo la plasta, na siku walipolitoa mguu ulikuwa mwembamba, umekaza, hata pedali ya cherehani sikuweza kuikanyaga. Ndipo mama akaja kutoka kijijini kwetu Nzega, akaacha karanga zake shambani ziko tayari kung'olewa. Mama anaunga mifupa. Alifundishwa na baba yake, naye na wakubwa wake, ambao (husema mama) waliwaunga wapagazi walioumia kwenye njia ya misafara, enzi za watu kutembea na mizigo kichwani kutoka huku mpaka pwani. Utaratibu wao ni huu: anakukanda wewe, halafu anachukua kuku, anamvunja mguu uleule, anamfunga vijiti na kitambaa, mnauguzwa pamoja. Siku kuku akitembea bila kuchechemea, nawe unaweka chini gongo la kutembelea. Alipomvunja wangu, tetea mweupe mwenye madoa meusi, niligeukia ukutani.

Kila asubuhi alipapasa mguu wangu kwa kidole gumba, kisha wa kuku, kimya, macho amefumba. Sharti lake lilikuwa moja tu, tusitengane mpaka tupone wote wawili.

Wiki ya tatu akaja Salome, ninayeimba naye kwaya, pamoja na Shabani, fundi mwenzangu tunayeshona naye baraza moja, wakasema wanataka kunipeleka bwawa la Igombe na wenzetu wengine nikapunge upepo, maana nimekaa ndani mpaka nitaota ukungu. Mama akakubali. Akanipa gongo mkono mmoja, na mkono wa pili akanipa kikapu, kuku katoa kichwa nje.

"Mwende wote," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, mbele ya wenzangu wa mjini, na kuku wa dawa za kijijini! Tulipokuwa ndani ya gari Salome akauliza, "Na huyo je?" Hapo ndipo ningesema ukweli, sentensi moja tu, yakaisha. Nikasema, "Zawadi yenu. Mmenihangaikia sana." (Nilijidanganya kwamba tukifika nitapata uongo mwingine wa kuufuta huo.)

Bwawani kulikuwa kuzuri, jamani. Nilikaa mchangani, mguu ndani ya maji, watu wamejaa na familia zao, watoto wanarushiana maji, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke nilisahau kwamba mimi ni mgonjwa. Wenzangu walinikataza kunyanyua hata kijiko. Upepo ukanibembeleza, nikasinzia palepale, na uongo wangu nimeuacha kikapuni.

Kilichoniamsha ni harufu ya supu. Salome alikuwa ameinama mbele yangu na bakuli. "Firigisi ni ya mwenye nyumba," akasema, "na leo mwenye nyumba ni wewe." Usingizi haujanitoka vizuri, nikala. Ilikuwa tamu, siwadanganyi. Shabani (ndiye mchinjaji wetu siku zote, ili Waislamu na Wakristo tule chungu kimoja) akasema huku anapuliza mchuzi, "Aliyekuuzia kuku naye ana mambo! Kamfunga mguu mmoja tu, tena na vijiti. Nimeukata nikautupa kule."

Nilinyanyuka ghafla. Gongo likazama kwenye tope, nami nikalifuata, nikaingia majini kichwa mbele, gauni likapanda kusikotakiwa kupanda, wakaja kunivuta watu wanne, wawili siwajui, na nilipopata pumzi nikapiga kelele, "Kuku wangu! Nirudishieni kuku wangu!" Mama mmoja aliyebeba mtoto akaniuliza kwa huruma, "Kwani dada, huyo kuku alikuwa na nini?" Nikamjibu, "Alikuwa anataga!" Ufukwe mzima ukacheka. Mimi nikalia.

Walidhani naulilia mguu wangu nilipowaambia ukweli. Sikuulilia mguu. Nilikiona kidole gumba cha mama kinatafuta kuku asubuhi na kisimpate, na nilijua kilichomuua ni mimi kumwonea mama aibu. Salome aliacha kucheka. Ndiye aliyetoa shauri la kutafuta kuku anayefanana na yule, na katika nyumba moja njiani tukampata, mweupe mwenye madoa, Shabani akamfunga vijiti vilevile, alivyokuwa ameviokota kule alikoutupa mguu. Nikakubali. Uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika. "Shikamoo mama," wakasema wenzangu kwa pamoja, macho chini.

"Marahaba, wanangu." Akamtoa kuku kikapuni, akafumba macho, akapapasa mguu. Akarudia. Akafumbua macho.

"Mfupa huu haujawahi kuvunjika," akasema.

Shabani alikuwa anachunguza kandambili zake.

"Mmemla?"

"Tumemla, mama."

"Uliwaambia ni wa nini?"

"Niliwaambia ni zawadi."

"Ungewaambia tu ni wa mama yako," akasema, taratibu, bila ukali wowote. Bora angenipiga.

Akafungua vijiti, akamwachia kuku mgeni, naye akatembea zake uani, anadonoa. Mama akamtazama mpaka akafika kwenye jiwe la kufulia.

"Haya, huyu anatembea. Na wewe simama."

Nikasimama. Gongo nikaliacha ukutani, nikatoka mkekani mpaka mlangoni, hatua saba, mguu unauma na machozi yananitoka, nikageuka nimwonyeshe. Alikuwa ameshanipa mgongo, anakunja kanga zake. Kesho yake asubuhi alipanda basi kurudi kwenye karanga zake. Nilimwomba msamaha kituoni, akasema amenisamehe, na ninamwamini, ila hakunipapasa mguu.

Sasa nakanyaga pedali kutwa nzima. Nimeapa sitamkana tena mtu aliyeniuguza, hata kama atanitwisha ng'ombe. Yule kuku bado yupo uani kwangu, keshazeeka, wageni wakija wananiuliza nangoja nini kumchinja. Nawaambia huyo hachinjwi, ni wa mama yangu, anaunga mifupa.